Kuchemsha, vidonge, filta au jua: maji ya kunywa nyumbani uchague kipi

Kila masika ikianza na gari la matangazo likipita mtaani na spika kuhusu kipindupindu, swali linarudi lile lile, jamani nyie mnachemsha, mnaweka dawa au mnanunua tu ya chupa? Na majibu ndo hayo hayo, kila mtu anatetea kile kilichopo jikoni kwake. Aliyenunua filta ya laki kadhaa hawezi kukubali kwamba kidonge kingemtosha, na bibi aliyechemsha maji maisha yake yote hataki kusikia habari za dawa, anakwambia dawa ni ya kufulia.

Mi naona swali lenyewe linaulizwa vibaya. Hamna njia moja iliyo bora kwa kila nyumba, kuna maji yako yalivyo, kuna watu wanaoyanywa, alafu kuna kile ambacho kweli utakifanya kila siku hata siku umerudi saa nne usiku umechoka na mkaa umeisha. Hilo la tatu ndo zito kuliko yote, maana hawa wadudu hawahitaji wiki nzima, wanahitaji siku moja uliyoruka tu. Kipindupindu kinaweza kuanza ndani ya masaa machache tangu umeze, kikichelewa sana siku 5.

Kwanza tujue tunapigana na nani, kwa kifupi tu. Wapo bakteria, humo ndo kuna kipindupindu, taifodi, na ule ugonjwa wa kuhara damu. Wapo virusi, kama rota inayowaharisha watoto na homa ya ini aina ya A na E. Alafu lipo kundi ambalo watu wengi tunalisahau, vijidudu vya protozoa, amiba tunaijua, jiadia wengine wanaijua, na kuna mmoja anaitwa kriptosporidiamu ambae karibu hakuna anaemtaja mtaani ila ndo anaeharibu hesabu nzima ya dawa, tutamfikia. Wanatofautiana sana kwa ukubwa na kwa ugumu wa kufa, na tofauti ya hizi njia zote inatokea hapo.

KUCHEMSHA DHIDI YA DAWA

Hawa ndo mabingwa wawili kwahiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Kwa nguvu ya kuua, kuchemsha kunashinda, hakuna mjadala. Bakteria wanakufa, virusi wanakufa, protozoa wanakufa, mayai ya minyoo pia. Na si lazima uyachemshe nusu saa kama wengine wanavyofanya wanaunguza gesi bure. Yakishachemka yakabubujika sufuria nzima kwa dakika 1 inatosha, ukiwa sehemu za juu sana zaidi ya mita 2,000 acha dakika 3. Kuna mtu anauliza mbona Nairobi maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, ni kweli kule yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, lakini wadudu wengi wa tumboni wanakufa tangu kwenye nyuzi 70, yale mabubujiko ni alama tu ya kukuonyesha kwamba umeshapita huko.

Sasa gharama. Ukipiga hesabu, kuchemsha dumu zima la lita 20 kwa jiko la mkaa la kawaida ni karibu kilo moja ya mkaa. Kwa gesi, mtungi mdogo wa kilo 6 utakupa kama dumu 20 na kitu alafu umeisha, na hapo hujapika hata chai. Kwa ketoli ya umeme ni kama uniti 2 za Luku kwa dumu. Ila subiri, nyumba ya watu watano hainywi dumu zima kwa siku, inakunywa kama lita 10, kwahiyo uniti moja kwa siku, na kwa tarifu ya kawaida ya Tanzania uniti moja ni kama shilingi 350. Watu wengi wana woga wa umeme kutoka zamani ila kwenye kuchemsha maji ketoli inapoteza moto kidogo sana kulinganisha na jiko la mkaa ambalo joto lingi linaishia kuipasha jikoni yenyewe. Kama una umeme wa uhakika na bado unachemsha maji ya kunywa kwa mkaa hebu piga hesabu upya.

Dawa, yani klorini, iwe vidonge au ile ya maji ya kwenye chupa kama WaterGuard, inashinda kwa bei na kwa uvivu. Kidonge kimoja cha miligramu 67 ni kwa lita 20, unatumbukiza, unafunika, unasubiri dakika 30, basi. Hamna moto, hamna kupoza, hamna mtoto kumwagikiwa maji ya moto. Na kuna kitu kimoja dawa inacho ambacho moto hauna na mimi nakiona kikubwa kuliko yote: inabaki ndani ya maji. Maji yaliyochemshwa yakishapoa hayana ulinzi wowote, mtoto akichovya kikombe kilichoshikwa na mkono mchafu wadudu wanaingia na wanakaa. Maji yenye klorini yanaendelea kuua, dozi ikiwa sawa unatakiwa kubaki na angalau miligramu 0.2 kwa lita hata baada ya masaa 24. Ndo maana kuna nyumba nyingi zinachemsha kwa uaminifu kabisa na bado watoto wanaharisha, tatizo sio sufuria, tatizo ni ndoo.

Lakini dawa ina madhaifu yake mawili na lazima yasemwe.

La kwanza ni yule kriptosporidiamu. Klorini kwake ni kama mvua kwenye bati. Ana ganda gumu, kwenye maji yenye klorini ya kawaida anaweza kuishi zaidi ya siku 10. Na sio stori za vijijini, mwaka 1993 mji wa Milwaukee huko Marekani maji ya bomba yaliyotiwa dawa vizuri kabisa yaliwaumwisha watu wanaokadiriwa 400,000 kwa huyo mdudu mmoja. Mtu mzima mwenye afya anaharisha wiki moja mbili anapona. Kwa mtoto mdogo mwenye utapiamlo, au mtu anaeishi na virusi vya ukimwi ambae kinga imeshuka, ni habari nyingine kabisa, hapo inaweza ikawa ya miezi na inaua. Kwahiyo nyumba yenye mtu wa namna hiyo mimi nasema chemsheni, dawa iwe ya ziada.

La pili ni tope. Klorini haijui kuchagua, inashambulia uchafu wowote inaoukuta, maji yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa dawa inaishia kwenye tope na wadudu wanabaki. Pakiti zenyewe zinasema maji machafu uongeze dozi, vidonge viwili badala ya kimoja, ila bora zaidi ni kuyasafisha kwanza. Yaache yatulie usiku, mimina ya juu, chuja na kitambaa. Na usidharau kitambaa, Bangladesh walifanya utafiti kwenye vijiji vya Matlab, akina mama wakachuja maji kwa sari ya pamba iliyochakaa imekunjwa angalau mara nne, kipindupindu kikashuka karibu nusu! Sababu ni kwamba bakteria wa kipindupindu wanapenda kung'ang'ania kwenye vijidudu vikubwa kidogo vinavyoelea majini, na kitambaa kilichokunjwa kinavinasa hivyo. Kanga kuukuu ya pamba ni kitambaa cha aina hiyo hiyo, ikifuliwa na kuanikwa juani. Lakini nusu ni nusu, kitambaa hakiui kitu, baada ya hapo bado weka dawa.

Shabu nayo ipo kundi hilo hilo, inakusanya tope inalishusha chini, maji yanang'aa, watu wanaona yamekuwa salama. Yamekuwa masafi kwa macho. Kuna zile pakiti za unga zenye vyote viwili, cha kushusha tope na klorini, pakiti moja lita 10, unakoroga dakika 5, linatulia, unachuja kwa kitambaa, unasubiri dakika 20. Kwa maji ya mto au ya lambo wakati wa mvua hizo ndo ningechukua, ila kila siku mwaka mzima nani atakoroga?

Harufu sasa. Najua, wengi wanaiacha dawa kwa sababu ya harufu. Ukiweka mchana unywe jioni inapungua sana, na ukiyamimina kutoka jagi moja kwenda jingine mara kadhaa pia. Harufu ndogo ni dalili kwamba dawa bado ipo kazini, ikiwa kali mpaka macho yanawasha umezidisha. Na tafadhali sana usikadirie kwa dawa ya kufulia nguo, hasa hizi zenye marashi ya limau na maua, zile hazikutengenezwa zinywewe.

FILTA

Hapa ndo watu wanapigwa hela, kwa sababu neno filta linabeba vitu tofauti kabisa.

Rudi kwenye ukubwa wa wadudu. Mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Kriptosporidiamu ana mikroni 4 mpaka 6, bakteria wako kwenye mikroni moja hivi, na virusi ni wadogo mno, rota mikroni 0.07 na homa ya ini A hata nusu ya hapo haifiki. Filta nyingi za vinyweleo (zile za mirija membamba kama nywele) na za udongo wa kufinyanga zina matundu ya mikroni 0.2 mpaka 1 hivi. Sasa linganisha mwenyewe. Yule mdudu aliyeishinda klorini anakwama kirahisi kabisa, bakteria nao wengi wanakwama, virusi wanapita wanacheka. Yani filta na dawa kila mmoja anaziba tobo la mwenzake, ndo maana mseto wa filta kwanza alafu kidonge ni mzuri sana, karibu unalingana na kuchemsha na una ule ulinzi wa kubaki ndani ya maji. Kama bajeti inaruhusu vyote viwili mi ningeenda huko bila kufikiria mara mbili.

Ila kama unanunua, muulize muuzaji matundu ni mikroni ngapi na imepimwa kwa bakteria au ni ya kutoa tope tu. Akianza kukwambia habari za madini na nguvu za mwili, sogea duka la pili. Vile vichujio vya pamba vinavyofungwa kwenye bomba vya mikroni 5 ni vya tope tu, havizuii kipindupindu hata kidogo.

Na filta inahitaji matunzo. Ya udongo lazima uisugue taratibu ikianza kuchelewa kutoa, ikipata ufa mdogo tu imekwisha hata kama inaonekana nzima, na hapo chini ndoo ya kupokelea nayo isafishwe, wengi wanasafisha juu tu. Ikishakaa mwaka bila kuguswa hujui tena unakunywa nini.

Kuna jambo moja ambalo filta fulani zinaweza na njia nyingine zote haziwezi, nalo si la wadudu. Watu wa Arusha na Meru wanajua, maji yenye floraidi nyingi, meno ya watoto yanakuwa ya kahawia na mifupa inapinda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya ukanda ule vinapita hapo mbali. Ukichemsha maji hayo unayaongezea makali kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Dawa haifanyi kitu. Huko ndo ilipotoka ile filta ya Dokta Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela Arusha, iliyoshinda tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy ya Uingereza mwaka 2015, inaunganisha mchanga na vitu vya nano, yani chembe ndogo mno, vinavyorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika. Mambo ya chumvi kwa visima vya Dar pia ni hivyo hivyo, hata uchemshe mpaka Ijumaa chumvi haitoki, hapo ni mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa nguvu kwenye utando unaozuia chumvi, inayokula umeme na kumwaga maji mengi ili upate kidogo.

JUA

Hii watu wanaicheka, chupa kwenye bati, lakini ina ushahidi wa hapa hapa kwetu. Miaka ya 1990 ilijaribiwa kwa watoto wa Kimaasai huko Kajiado, Kenya, wale ambao chupa zao zilianikwa juani waliharisha kidogo kuliko wale ambao chupa ziliwekwa ndani, na kipindupindu kilipoingia eneo hilo baadae, watoto wadogo wa chini ya miaka 6 kwenye nyumba zenye chupa za juani waliugua wachache.

Masharti: chupa ya plastiki inayoonyesha, isizidi lita 2, toa lebo, maji yawe meupe kiasi cha kuweza kusoma gazeti kupitia chupa, ilaze juu ya bati masaa 6 ya jua kali, kukiwa na mawingu siku 2, mvua ikishinda inanyesha sahau. Na hapo ndo tatizo langu na hii njia lilipo, kipindupindu kinakuja na mvua. Siku unapoihitaji zaidi ndo siku jua halipo. Kwa familia ya watu sita pia unazungumzia chupa nyingi kweli kila siku. Kwa mfugaji aliye mbali na duka na mbali na kuni, jua ni njia halali kabisa. Kwa mtu wa Manzese pale Dar mwenye duka la dawa mlangoni, chukua vidonge.

MAJI YA KUNUNUA

Fupi tu. Chupa zenye nembo ya TBS (shirika la viwango la Tanzania) na mfuniko haujafunguliwa, sawa, ila ni njia ghali kuliko zote na familia nyingi zinawapa watoto ya bomba na baba ndo anakunywa ya chupa, sasa hapo mmemkinga nani? Yale madumu makubwa ya dispensa hakuna anaesafisha ile dispensa yenyewe, fungua siku moja uguse ndani utakuta utelezi. Maji ya kandoro ya kwenye vifuko stendi, hujui yamefungiwa wapi na nani, mi sinywi.

NDOO

Hiki si kipengele cha kulinganisha ila bila hiki hayo yote juu ni bure. Chombo kiwe na mdomo mwembamba au kiwe na koki, mkono usiingie. Kwisha. Ndoo ya koki ni bei ndogo kuliko filta yoyote na kwa maoni yangu ndo kitu cha kwanza kununua kabla ya vyote. Wanaopenda mtungi kwa ajili ya ubaridi, udongo unakula klorini haraka kuliko plastiki, kwahiyo tia dawa kwenye plastiki uhamishie kidogo kidogo. Huko Nyanza, Kenya, wafinyanzi waliwahi kutengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba, mfuniko na koki, ubaridi upo na kata haichovywi, sijui kwa nini huku haijashika.

SASA UCHAGUE

Una bomba la mji, maji meupe, wote wazima: vidonge na ndoo ya koki. Ni rahisi na utafanya kila siku. Klorini ya bomba peke yake usiitegemee, maji yanakatika siku tatu, bomba likiwa tupu linavuta uchafu kupitia nyufa, yakirudi yale ya kwanza ndo mabaya. Na simtank isiyofunikwa ni habari nyingine.

Una mtu mwenye kinga ndogo, au mtoto ndo ameanza kunywa maji (chini ya miezi 6 asipewe maji kabisa, ni ziwa la mama tu): chemsha, ketoli kama ipo umeme.

Kisima kifupi karibu na vyoo, mitaa kibao ya uswahilini iko hivi: filta na kidonge juu yake, au chemsha. Kwenye mlipuko ulioanza Dar Agosti 2015 na kuzunguka karibu nchi nzima mpaka 2018 wagonjwa walipita 30,000, na visima vya aina hii ni njia nyepesi kabisa kwa mdudu kutoka choo kimoja kwenda kwa jirani.

Maji ya mto, tope: tuliza, chuja, pakiti ya unga au vidonge viwili. Kijiji kizima kinachota sehemu moja? Hapo fikirieni lile tanki la klorini linalofungwa pale pale kisimani, unageuza koki dozi ya dumu moja inatoka kabla hujajaza. Magharibi ya Kenya yaliwekwa mengi, Uganda pia, na uzuri wake ni kwamba hamna wa kusahau dawa nyumbani, na majirani wanakuona ukiruka.

Kitu kingine kidogo, kabla hujasema njia yako imeshindwa kwa sababu umepimwa taifodi ikaonekana, ulizia kipimo gani. Kile cha Widal kinachofanywa kila kona kinasema ndio kwa watu wengi tu wasio na taifodi, cha kuaminika ni kuotesha damu.

Na msiba au harusi, ambapo hata nyumba makini inavurugika, pipa la lita 200 na vikombe vitatu watu wanachovya mchana kutwa. Pale huwezi kuchemsha wala kuchuja. Vidonge 10 kwenye pipa nusu saa kabla watu hawajaanza kunywa, mfuniko juu, na mpeni kijana mmoja jagi lenye mkono mrefu awe ndo mgawaji, wengine wote vikombe vyao vibaki nje ya pipa.